Usimlishe Mwandishi Maneno

Haya wadogo zangu, sogeeni karibu. Barua za wachumba wanaokopa bila kulipa zimejaa mezani, lakini leo naziweka kando, msinune. Mmoja wenu, mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa pili, ameniandikia akiwa na hasira kwelikweli. Alipewa makala ya jarida la kitaaluma aifanyie muhtasari wa ukurasa mmoja. Akakesha nayo. Kazi ikarudi na alama za kutia huruma, na pembeni mhadhiri kaandika kwa wino mwekundu: "Watafiti hawakusema hivi." Sasa ananiuliza: "Dada, hawakusemaje wakati kila kitu nimekitoa mlemle?"

Ameniambatanishia muhtasari wenyewe, na ameniruhusu niuchambue hadharani mradi nisimtaje jina. Makala aliyopewa naifahamu vizuri, kwa hiyo leo hatutahangaika na nadharia. Tutaikalia kitako makala hiyo moja mpaka ieleweke.

Nikwambie mapema, mdogo wangu: mhadhiri wako yuko sahihi. Na wewe hukudanganya kwa makusudi. Umefanya jambo ambalo watu wazima wenye vyeo vyao wanalifanya kila siku magazetini na kwenye semina. Umemlisha mwandishi maneno.

Wengine hamjaisoma makala, basi niwasimulie. Ilitoka mwaka 2011 katika jarida la tiba la New England Journal of Medicine. Watu wa wodi za watoto wanaujua utafiti huo kwa jina la FEAST. Kiongozi wake ni Kathryn Maitland, daktari wa watoto ambaye kazi yake kubwa ameifanyia Kilifi. Na wagonjwa ni watoto wetu kabisa, waliolazwa katika hospitali sita: Kilifi kwa upande wa Kenya, Muheza kule Tanga, na nne za Uganda, yaani Mulago, Mbale, Soroti na Lacor.

Swali lao lilikuwa hili. Mtoto analetwa ana homa kali, amelegea au hajitambui, au anapumua kwa taabu, na damu haizunguki vizuri mwilini. Ukimbonyeza kidole, rangi inachelewa kurudi sekunde tatu au zaidi. Au miguu ni ya baridi, au mapigo ya mkononi hayashikiki sawasawa, au moyo unakwenda mbio kupita kiasi. Katika nchi tajiri mtoto kama huyo alikuwa anaingiziwa maji mengi ya mshipani kwa mkupuo, na ndivyo madaktari walivyofundishwa. Je, mkupuo huo unawaokoa watoto katika hospitali zetu, ambako mashine za kupumulia ni za kutafuta kwa tochi?

Wakawagawa watoto kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi moja lilipewa mkupuo wa maji yenye albumini, jingine mkupuo wa maji ya chumvi, mililita 20 hadi 40 kwa kila kilo ya uzito wa mtoto. Kundi la tatu halikupewa mkupuo wowote. Wote, nasema wote, waliwekewa dripu ya kawaida inayokwenda taratibu, wakapewa dawa za kupambana na vimelea na huduma nyingine kama miongozo inavyotaka.

Matokeo yakawashangaza hata waliofanya utafiti. Ndani ya saa 48, katika kundi la albumini walifariki watoto 111 kati ya 1050, sawa na asilimia 10.6. Kundi la maji ya chumvi, 110 kati ya 1047, yaani asilimia 10.5. Kundi lisilopewa mkupuo, 76 kati ya 1044, yaani asilimia 7.3. Waliotarajiwa kunufaika ndio waliokufa zaidi.

Sasa njooni kwenye muhtasari wa mwenzenu. Sentensi yake ya kwanza inasema: "Utafiti uliofanywa kwa watoto 3600 umethibitisha kwamba kuwapa watoto wa Afrika maji ya dripu kunaua."

Inasomeka vizuri, inatisha, na ungeiweka kwenye kichwa cha habari gazeti lingeuzika. Lakini tuikague neno kwa neno.

Watoto 3600 hawakuwepo. Hiyo ni idadi iliyokusudiwa. Kamati iliyokuwa ikifuatilia usalama wa watoto ilipoziona takwimu za katikati ikashauri uandikishaji usimame, na wakati huo walikuwa wamefika 3141. Mwenzenu aliiona 3600 kwenye sehemu ya mbinu akaichukua bila kufika kwenye matokeo. Huu ni ugonjwa wa kawaida, nimeuona hata kwa wenye shahada mbili. Sehemu ya mbinu inakwambia walichopanga. Sehemu ya matokeo inakwambia kilichotokea. Ukizichanganya hizo mbili, kazi yako imeshaanza kupinda, na kwa makala hii umepoteza pia habari nzito kwamba utafiti ulikatizwa kwa sababu ya usalama.

"Maji ya dripu." Hapa ndipo mhadhiri aliposhtuka, na mimi nimeshtuka naye. Kila mtoto katika utafiti ule alikuwa na dripu, hata wale wa kundi lililokuwa na vifo vichache. Kilichopimwa ni mkupuo wa mwanzoni. Kwa kulidondosha neno moja tu, mkupuo, mwenzenu amewafanya watafiti waonekane wanapinga dripu yenyewe, jambo ambalo hawajawahi kulisema popote.

"Watoto wa Afrika." Wapi? Wepi? Watoto walikuwa wa umri wa siku 60 hadi miaka 12, wenye dalili zile nilizowatajia. Wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa. Wenye ugonjwa wa kuhara na kutapika hawakuingizwa. Mnaona hatari ilipo? Mtoto aliyekaukiwa maji kwa kuhara anahitaji maji, na makala hii haikumgusa hata kidogo. Muuguzi wa zahanati akiusoma muhtasari wa mwenzenu, akauamini, kisha akaletewa mtoto wa kuhara aliyekauka midomo, atafanya nini? Ndiyo maana nawaambia masharti na mipaka ya makala si mapambo. Mtu akitaka kufupisha, kitu cha kwanza anachokata ni "kwa watoto wa aina hii" na "katika mazingira haya", kwa sababu maneno hayo hayana msisimko. Kumbe uzito wote wa makala umekaa humo.

"Umethibitisha." Watafiti wenyewe wanasema hatari ya kufa iliongezeka, wakikadiria kwa asilimia 45, lakini wanaongeza kuwa ongezeko la kweli linaweza kuwa dogo kama asilimia 13 au kubwa kama 86. Hao ni watu wanaopima maneno yao. Wewe nani uwapandishie cheo cha uhakika? Chunga sana vitenzi. Mwandishi akidokeza, andika kwamba anadokeza. Akikadiria, anakadiria. Akipendekeza, anapendekeza. Kiswahili kina ngazi za kutosha kabisa kwa kazi hii, sijui kwa nini tukishika kalamu kila mtafiti "anathibitisha" na kila utafiti "umebaini".

Na hiyo asilimia 45 nayo ina mambo yake. Katika aya ya pili mwenzenu kaandika: "Asilimia 45 ya watoto waliopewa maji walifariki." Hapana, mdogo wangu, hapana! Waliofariki ni kama watoto kumi na nusu katika kila mia, wakilinganishwa na saba na kidogo kwa wasiopewa mkupuo. Ukitoa, unapata nyongeza ya watoto kama watatu katika kila mia. Ukigawa, unapata kwamba hatari imepanda kwa asilimia 45. Namba zote mbili ni za kweli na zinaeleza jambo moja, ila ukimpa msomaji moja bila nyingine umempotosha. Hiyo 45 peke yake inatisha kupita kiasi. Hiyo tatu peke yake inaonekana kitu kidogo, wakati kwa wodi inayolaza mamia ya watoto kwa mwaka ni vilio katika nyumba nyingi. Ushauri wangu ni kwamba uandike asilimia za kila kundi kama zilivyo, ndipo uweke ongezeko.

Bado kuna sentensi moja, na kwangu mimi ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu inaonekana ya kisomi: "Maji hayo yaliua kwa kujaa kwenye mapafu na ubongo." Nimemuuliza ameitoa wapi. Kanijibu kwamba hivyo ndivyo walivyofundishwa darasani, maji yakizidi yanaingia mapafuni. Sawa, darasani. Lakini watafiti walilipima jambo hilohilo. Waliopata maji mapafuni au shinikizo kuongezeka ndani ya kichwa walikuwa asilimia 2.6 na 2.2 katika makundi ya mkupuo, na 1.7 katika kundi lisilopewa. Kitakwimu tofauti hiyo haikutosha kusemwa kuwa ni tofauti. Kwa hiyo makala haikuonyesha sababu hiyo. Mwenzenu aliona pengo akaliziba kwa akili yake, halafu sifa akampa Maitland.

Mimi huwa naona mtu anayeandika muhtasari ni kama mshenga. Ametumwa na ukoo, ana maneno ya kufikisha. Wakisema ng'ombe sita, anasema sita. Akiona sita ni wachache akaongeza wawili kwa huruma zake, siku ya kulipa patachimbika. Anaweza kuwa na maoni yake kuhusu posa ile, tena maoni mazuri tu, lakini hayo atayasema siku nyingine na kwa jina lake mwenyewe.

Nimetaja maoni, ngoja nimalize hapo. Muhtasari si uhakiki. Makala hii ilizua mjadala mkubwa ilipotoka. Wapo waliouliza kama watoto wale walikuwa na hali ileile inayotibiwa Ulaya kwa mkupuo, na kama matokeo yanaweza kutumika kwingine. Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo mipya ya huduma ya dharura kwa watoto mahututi mwaka 2016. Yote hayo ni mambo mazuri kuyajua, na ukipewa kazi ya uhakiki yamwage. Lakini hayamo ndani ya makala ya 2011, na mtu aliyekuomba muhtasari wa makala ya 2011 hakuyaomba. Kama huwezi kujizuia, funga muhtasari kwanza, anza aya mpya, useme wazi kuwa sasa ni wewe unayezungumza.

Kosa linalofanana na hilo linatokea kwenye utangulizi. Waandishi wengi wa kitaaluma huanza kwa kueleza waliotangulia wamesema nini na desturi ikoje. Mwanafunzi anasoma pale kwamba maji ya mkupuo yanapendekezwa na miongozo ya matibabu, anaandika: "Waandishi wanapendekeza maji ya mkupuo." Kumbe waandishi wanaieleza hoja ya wengine ili waipime. Kila ukinukuu wazo, jiulize: hili ni lake, au anasimulia la mwenzake?

Najua mnachosubiri. "Dada, sasa tunaandikaje?" Haya.

Ikisiri isome, lakini usiifupishe ikisiri ukaita muhtasari. Ikisiri imeshafupishwa, na ukiifupisha tena masharti ndiyo yanayodondoka kwanza. Mimi nashauri usome ikisiri ili ujue unakokwenda, uruke moja kwa moja kwenye majedwali na vielelezo, halafu urudi kwenye mbinu. Majedwali hayana maneno ya kukurubuni. Mjadala usome mwisho kabisa, ukiwa tayari una picha yako ya kilichopatikana, ndipo utaona mahali mwandishi anapoeleza matokeo na mahali anapokisia sababu.

Ukishasoma, funga makala. Zima na simu. Msimulie mtu kwa Kiswahili cha nyumbani, awe mwenzako wa chumbani au shangazi anayemenya viazi. Akikuuliza "kwani hao watoto walikuwa na nini?" ukashindwa kujibu, bado hujaisoma sehemu ya mbinu. Njia hii ina faida nyingine: makala nyingi tunazisoma kwa Kiingereza, na mtu anaweza kuhamisha sentensi za Kiingereza kurasa tatu nzima bila kuelewa hata moja. Kwa Kiswahili cha kumsimulia shangazi huwezi kujificha.

Baada ya kusimulia, andika palepale bila kuangalia makala. Namba ziache wazi kwa mstari. Kisha fungua makala, jaza namba, na uipitie kila sentensi yako ukiweka kidole kwenye mahali inapotoka. Sentensi isiyo na mahali pa kuweka kidole inaondoka, hata kama ni nzuri kiasi gani. Hatua hii inachosha na ndiyo inayotofautisha kazi. Hao mnaopenda kudesa mtaona nawaonea, lakini hata aliyedesa atanaswa hapahapa, maana aliyemdesa naye aliandika watoto 3600.

Na programu za akili mnemba? Mnaniuliza sana. Zinaandika muhtasari kwa sekunde na lugha inateleza. Lakini zina tabia ileile ya mwenzenu ya kudondosha masharti na kupandisha uhakika, na mara nyingine zinaleta namba ambayo haimo. Kanuni ya kidole inazihusu nazo. Na kama chuo chako kimekataza, kimekataza.

Nimejaribu kuuandika upya mwanzo wa kazi ya mwenzenu, muone ukubwa wake:

"Maitland na wenzake (2011) walitaka kujua kama maji ya mkupuo yanapunguza vifo vya watoto wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu wanaolazwa katika hospitali zenye rasilimali chache. Watoto 3141 wa umri wa siku 60 hadi miaka 12, katika hospitali sita za Kenya, Tanzania na Uganda, waligawanywa kwa bahati nasibu kupata mkupuo wa albumini, mkupuo wa maji ya chumvi, au kutopewa mkupuo. Wote walipata dripu ya kawaida na matibabu mengine. Wenye utapiamlo mkali au ugonjwa wa kuhara hawakuhusishwa. Ndani ya saa 48 walifariki asilimia 10.6, 10.5 na 7.3 katika makundi hayo kwa mfuatano; kwa jumla, hatari ya kufa kwa waliopewa mkupuo ilikuwa juu kwa asilimia 45. Tofauti hiyo ilionekana pia katika wiki ya nne. Uandikishaji ulisimamishwa kabla ya kufikia watoto 3600 waliokusudiwa. Waandishi wanahitimisha kwamba, kwa watoto mahututi wa aina hii na katika mazingira haya, mkupuo uliongeza vifo."

Haina msisimko, najua. Lakini muuguzi wa zahanati akiisoma hataua mtu.

Mwenye jicho kali ataona kuna kitu nimekiacha. Walikuwepo watoto 29 ambao shinikizo lao la damu lilikuwa limeshuka vibaya mno. Hao waligawanywa kati ya mikupuo miwili tu, hakuna aliyeachwa bila mkupuo, kwa hiyo hawakuingia katika ulinganisho ule mkuu. Hiyo ilikuwa aya ya mwanzo tu. Katika ukurasa mzima ningewataja, kwa sababu msomaji anaweza kudhani makala imesema nao wasipewe mkupuo, na haikusema. Kuchagua cha kuacha ndiko kunakohitaji akili zaidi katika kazi hii, na kipimo changu ni kimoja: nikikiacha, msomaji ataondoka akiamini kitu ambacho makala haikusema? Kama ndiyo, kinabaki. Kama atakosa tu maelezo ya ziada, kinakwenda.

Kuhusu udhaifu wa utafiti, weka ule ambao waandishi wameukiri wenyewe, kwa kifupi. Ule uliouona wewe ni wa uhakiki, tumeshamalizana.

Sasa wewe mwenye barua. Usiende kumlalamikia mkuu wa idara kama ulivyotishia. Irudie kazi hii wiki hii, kabla makala haijakutoka kichwani, usiku ule uliokesha usiende bure. Usininakili mimi, maana huyo mhadhiri naye huenda anaisoma kona hii. Ukimaliza, mpelekee umwombe aisome hata kama hatakuongezea alama yoyote. Na akikurudishia, niandikie uniambie kalamu nyekundu imesema nini.